Mama Ursula Akabidhi Mizani

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote, wa kudumu na wa mkataba, kwamba Kampuni, baada ya kutafakari kwa kina na kuzingatia mabadiliko ya teknolojia, imefungua dirisha la kuondoka kazini kwa hiari. Inasisitizwa kwamba hiari hiyo ni ya mfanyakazi mwenyewe. Inafafanuliwa kwamba dirisha litafungwa tarehe kumi na sita Oktoba, saa kumi kamili jioni, na kwamba idadi ya watakaojitolea kwa hiari ni watu ishirini na wanne. Na ili kuondoa uvumi usio na msingi, inakumbushwa kwamba Kampuni haina, haijawahi kuwa na, wala haina mpango wa kuwa na kazi nje ya saa za kawaida. Kwa hiyo hakuna mfanyakazi atakayeondoka akidai saa za ziada, kwa kuwa saa hizo hazikuwahi kuwepo.

Tangazo hilo lilibandikwa kwa pini nne tarehe mosi Septemba, likiwa limegongwa mhuri juu na chini. Wengi walilisoma mpaka kwenye neno "dirisha" wakarudi kazini. Aliyelisoma lote ni mtu mmoja, naye alikuwa na sababu: ubao wa matangazo uko mkabala na mizani, na alikuwa akisubiri dereva aliweke lori lake sawa.

Huyo ni Brigita Haule. Kazini, na hata mtaani kwake Matogoro, anaitwa Mama Ursula, ingawa Ursula mwenyewe ameshaolewa Njombe na ana watoto wawili. Mama Ursula ana miaka hamsini na moja. Kumi na minne ya mwisho ameimalizia kwenye chumba chenye dirisha moja, feni moja isiyozunguka na mashine ya kupimia malori. Kampuni yenyewe, iliyoko nje kidogo ya mji wa Songea, hununua mahindi, huyakausha, huyahifadhi na kuyauza yakipanda bei. Haina haja ya kutajwa jina. Yenyewe hujiita Kampuni, kwa herufi kubwa, nasi tutaiheshimu hivyo hivyo.

Kazi ya mpimaji ni rahisi kuieleza. Lori linapanda kwenye mizani likiwa na mzigo, linapimwa. Linakwenda kushusha, linarudi tupu, linapimwa tena. Tofauti ni mahindi. Mashine inatema stakabadhi yenye namba, tarehe, muda na uzito, na mpimaji anasaini. Ugumu wake ni watu. Wapo wanaojaza maji kwenye mapipa kabla ya kupimwa na kuyamwaga baadaye. Wapo wanaofika na tairi tatu za akiba na kuondoka na moja. Siku moja Mama Ursula alilitazama lori, akatazama mashine, akatoka nje na kugonga turubai kwa kalamu.

"Shuka wewe kilo sabini."

Akashuka mwanaume mzima, akamwamkia.

Tukirudi kwenye saa ambazo hazikuwahi kuwepo. Saa za kawaida za Kampuni zinaanza saa moja na nusu asubuhi na kuishia saa kumi jioni. Lakini kuanzia Juni mpaka Oktoba mahindi hayajui hilo. Malori yanatoka Namtumbo, yanatoka Madaba, yanatoka vijijini kote yakiwa yamepanga foleni mpaka barabarani, na lori likishaingia getini halilali bila kupimwa, kwa sababu likilala, magunia mawili hupungua na hakuna anayejua yamekwenda wapi. Kwa hiyo mpimaji alitoka lori la mwisho lilipotoka. Mara saa kumi na mbili, mara saa mbili usiku. Jumapili alienda misa ya kwanza, akatoka na kitabu chake cha nyimbo moja kwa moja mpaka mizani.

Na kitabu cha mahudhurio? Kitabu kilikuwepo, tena cha jalada gumu. Kilikaa ofisini kwa Afisa Utumishi. Afisa alitoka saa kumi kamili, akafunga ofisi kwa kufuli, kitabu kikabaki ndani. Sasa mtu wa kutoka saa moja jioni asaini wapi? Ndipo ilipozaliwa desturi ambayo wageni huiona ya ajabu na wenyeji hawaioni kabisa: kila mtu alisaini asubuhi, kuingia na kutoka, kwa mpigo mmoja. Kuingia, saa moja na nusu. Kutoka, saa kumi. Kisha akaenda kuianza siku ambayo kwa maandishi alikuwa ameshaimaliza.

Mama Ursula hakuwahi kulalamika kwa sauti. Alipouliza, mara moja kila msimu, aliambiwa litafanyiwa kazi. Misimu mitatu lilifanyiwa kazi.

Lililomfanya alisome tangazo mara ya pili ni mashine ya kusaga ya Mzee Anselmo. Mzee Anselmo ana mashine pale Mpitimbi, pamoja na kibanda chake na kiwanja, na magoti yake yamechoka kusimama kwenye vumbi la unga. Anauza vyote kwa pamoja, milioni tisa. Mama Ursula alizaliwa Mpitimbi, aliijua mashine tangu ikiwa mpya, na tangu Agosti alikuwa ametanguliza laki tano. Miaka kumi na minne amepima mahindi ya watu yakipita. Alitaka sasa yasimame kwake kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta?"

"Bado. Ila wametangaza hiari."

"Hiari ndiyo nini?"

"Unaondoka mwenyewe, wanakulipa."

Mzee Anselmo alifikiri. "Na usipoondoka?"

"Wanakuondoa."

"Ee. Hiyo naijua, tulikuwa nayo hata sisi." Akapangusa unga kwenye nyusi. "Sikia. Siku ya Marehemu Wote nikitoka makaburini, nataka nijue mashine ni ya nani. Kuna mtu wa Makambako kila wiki ananipigia, ana hela mkononi. Mimi nakutaka wewe. Lakini magoti yananitaka mimi."

Tarehe mbili Novemba, basi. Hesabu ilikuwa fupi. Kiinua mgongo cha hiari kilikuwa milioni tano na laki nne. Pengo lililobaki lilikuwa milioni tatu na laki moja, na pengo hilo, kama mtu angekubali kwamba zile jioni na Jumapili zilikuwepo, lilikuwa limeshafanyiwa kazi tayari.

Tatizo ni kwamba hakuwa na karatasi hata moja.

Hapa ndipo anapoingia Bwana Twaha, Afisa Utumishi, mtu wa Kondoa, miaka thelathini na tisa, safi, mpole, asiyekunywa chai ya mtu. Bwana Twaha si mtu mbaya, na haya yote yasingetokea kama angekuwa mbaya. Ni mtu wa taratibu. Mhuri wake anautembeza kwenye mfuko wa shati, umefungwa kwa kitambaa, na inasemwa kwamba aliwahi kuugonga kwenye orodha ya michango ya harusi yake mwenyewe. Ombi la Mama Ursula la kuondoka kwa hiari alilipokea kwa mikono miwili, akaligonga, kisha akamwambia kuhusu makabidhiano.

"Makabidhiano gani, Afisa? Nakabidhi mizani. Ile pale. Haibebeki, haitoroki."

"Na kumbukumbu, Mama Haule?"

"Stakabadhi ziko kwenye maboksi. Maboksi tisa."

"Sikuulizi maboksi. Ukiniachia boksi, umeniachia boksi. Kesho mtu akiniuliza ndani mna nini nitamjibu nini? Orodhesha. Namba ya stakabadhi, tarehe, muda, namba ya gari, uzito."

"Zote?"

"Misimu mitatu tu. Za nyuma ya hapo ziliingiwa na mchwa. Taarifa ya mchwa iko kwenye jalada lake."

"Afisa, hizo ni elfu nne na kitu."

"Ndiyo maana zinahitaji orodha." Akatoa karatasi za kunakilia. "Nakala tatu. Moja ya Kampuni, moja ya anayepokea, moja ya anayekabidhi. Huo ndio utaratibu."

Mama Ursula aliondoka akinung'unika kwa Kingoni, lugha ambayo Bwana Twaha, kwa bahati, hajajifunza. Akakaa chini kuandika. Siku ya kwanza aliandika kwa hasira. Siku ya pili aliandika kwa mazoea. Siku ya tatu, kwenye ukurasa wa tisa, mkono ulisimama kwenye safu ya muda. Stakabadhi ilisema 18:52. Alilikumbuka hilo lori, dereva wake alikuwa na jogoo kwenye kiti cha mbele. Mstari wa chini yake ulisema 19:10. Akarudi kurasa nane nyuma, taratibu, akisoma safu moja tu.

Mashine ya mizani haikuwahi kusaini kitabu asubuhi.

Aliendelea kuandika, sasa kwa mwandiko mzuri zaidi. Siku kumi na mbili, kurasa mia moja arobaini na sita, nakala tatu kila mmoja. Bwana Twaha alizipitia zote, mstari kwa mstari, akifananisha na maboksi, kwa sababu hagongi asichokisoma. Alikuta kosa moja kwenye namba ya gari, akalisahihisha. Juu ya kila ukurasa aliandika kwa mkono wake, "Nathibitisha kuwa kumbukumbu hizi ni sahihi na kamili," akasaini, akagonga. Mihuri mia nne thelathini na minane. Wino uliisha mara mbili, na mara zote mbili aliununua kwa hela yake.

Jioni hiyo Mama Ursula alimwonyesha nakala yake Otto, fundi wa mitambo, aliyekuwa akikusanya spana zake kwa sababu yeye alishaondoka kwa hiari wiki iliyotangulia na alikuwa amerudi kuzifuata. Otto alifungua ukurasa, akafungua mwingine, akakaa juu ya sanduku.

"Yaani Twaha amekuandikia madai mwenyewe?"

"Nimeandika mimi. Yeye amegonga."

Otto alicheka mpaka spana ikamponyoka. Kisha akaacha kucheka.

"Mimi nimeshasaini kipengele cha saba."

"Kinasemaje?"

"Sijui. Nasikia kinasema sina dai."

"Hukukisoma, Otto?"

"Kiko nyuma ya karatasi, Mama Ursula. Nani anageuza karatasi ambayo mbele imeandikwa hela?"

Mama Ursula aliigeuza. Tarehe nane Oktoba, ofisini kwa Bwana Twaha, alisoma hati ya makubaliano mbele na nyuma, na kipengele cha saba kilikuwa pale pale Otto alipokisikia: mfanyakazi anathibitisha kuwa hana, na hatakuwa na, dai lolote dhidi ya Kampuni, zikiwemo saa za ziada.

"Afisa, hiki siwezi."

"Ni kipengele cha kawaida."

"Kinasema sina dai, na mimi ninalo. Saa mia sita na kumi na moja. Na Jumapili thelathini na moja, hizo nimeziweka pembeni."

Bwana Twaha alikitazama kitabu cha mahudhurio kama mtu anayetazama picha ya mwanawe. "Kitabu kinasema ulitoka saa kumi."

"Kitabu kinasema hivyo tangu asubuhi."

"Mama Haule, nikushauri kama mama yangu. Usiposaini chote, hiari yako inakuwa haijakamilika. Dirisha likifungwa, jina lako bado limo kwenye orodha ya kupunguzwa, lakini sasa si kwa hiari. Utalipwa kile cha sheria tu, na ni nusu."

Nusu ya kiinua mgongo haikununua hata kibanda cha Mpitimbi. Akisaini, anazipoteza jioni zake na mashine ya kusaga inakwenda Makambako. Asiposaini, inakwenda Makambako vile vile, ila mapema. Alitembea na hiyo hesabu siku sita. Aliipeleka sokoni, akairudisha. Dada mmoja wa jumuiya yake alimshauri aombe novena, akaanza, lakini novena ni siku tisa na dirisha lilikuwa limebakiza tano.

Tarehe kumi na tano Oktoba alikwenda Tume ya Usuluhishi wa migogoro ya kazi, akapewa fomu ya madai, akaijaza, hakudaiwa hata mia. Kisha akaenda kazini na kusaini hati ya makubaliano, vipengele vyote, isipokuwa kwamba kando ya kile cha saba aliandika: "Hiki sikubali. Nina dai. Tazama makabidhiano, ukurasa 1 hadi 146." Akamsukumia Bwana Twaha karatasi.

Bwana Twaha alisoma, akautoa mhuri mfukoni, akaufungua kitambaa, akaushika hewani. Kisha akaufunga tena. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa ofisi ile kumwona akiutoa na kuurudisha.

"Nitapokea bila kugonga," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoka nje bila viatu.

Usuluhishi ulipangwa Jumatatu, tarehe kumi na tisa. Msuluhishi alikuwa mama mmoja anaitwa Leticia Mbawala, mwenye miwani ya kusomea anayoivaa kwenye ncha ya pua na tabia ya kuuliza maswali mafupi. Kampuni iliwakilishwa na Bwana Twaha, aliyekuja na vitabu vitatu vya mahudhurio vilivyofunikwa kwa plastiki. Mama Ursula alikuja na furushi lake kwenye mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichotosha kurasa hizo.

Leticia alianza na vitabu. Alifunua muda mrefu.

"Hapa kila mfanyakazi ametoka saa kumi kamili."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kila siku?"

"Tunazingatia muda."

"Misimu mitatu, watu sitini na wawili. Hakuna hata mmoja aliyetoka saa kumi na dakika moja?"

"Ni nidhamu, mheshimiwa."

Akafunua tena. "Huyu Otto Ngonyani, Julai tarehe kumi na nne mwaka jana, ametoka saa kumi na kusaini. Na pembeni, kwa wino mwekundu, mmeandika: 'Amekimbizwa hospitali saa nne asubuhi, amelazwa.'"

"Hiyo ni taarifa ya nyongeza."

"Sahihi aliiweka vipi? Alitoka wodini saa kumi aje kusaini?"

Bwana Twaha alinyoosha plastiki ya kitabu kingine. Hakuwa mtu wa kusema uongo na hakuwa na ukweli wa kusaidia. Mama Ursula alimhurumia, akajibu yeye.

"Tunasaini asubuhi, mheshimiwa. Kuingia na kutoka, pamoja. Ofisi inafungwa saa kumi, kitabu kinabaki ndani."

"Kwa hiyo Kampuni inajua tangu asubuhi kwamba utatoka saa ngapi?"

"Inajua."

Leticia aliandika kitu. Kisha akaomba mfuko wa unga. Alitoa ukurasa wa kwanza, wa katikati na wa mwisho, akazipanga mbele ya Bwana Twaha.

"Mhuri huu ni wenu?"

"Ndiyo."

"Sahihi?"

"Yangu."

"Nisomee hapo juu."

"Nathibitisha kuwa kumbukumbu hizi ni sahihi na kamili."

"Hii safu ya muda ulikuwa umeiona?"

"Nilisahihisha kosa moja la namba ya gari, ukurasa wa themanini na nane. Muda wote ulikuwa sawa."

"Bwana Twaha. Nakuuliza taratibu ili tuelewane. Kama mama huyu hakuwepo kazini saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili, basi orodha hii si sahihi na si kamili, na wewe umegonga mhuri mahali pasipostahili. Kama orodha ni sahihi, alikuwepo. Unasemaje?"

Nje, bodaboda zilikuwa zikigombea abiria. Mtu mwingine angesema aligonga bila kusoma, maana wengi wanagonga bila kusoma na nchi inakwenda. Bwana Twaha aliuliza kama anaweza kunywa maji. Akanywa. Akaiweka chupa.

"Mheshimiwa, nimegonga mhuri huu miaka kumi na moja," alisema. "Haujawahi kuwa uongo."

Mama Ursula, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi tangu alfajiri na amevaa kitenge chake cha kugombania, hakujua la kufanya na mikono yake.

Bwana Twaha aliomba dakika ishirini kuzungumza na meneja kwa simu. Alitumia thelathini na tano, koridoni, na neno lililosikika zaidi kupitia mlangoni lilikuwa "kila ukurasa, bosi." Alirudi na jibu: milioni tatu na laki mbili kwa saa zote na Jumapili zote, pamoja na kiinua mgongo cha hiari kama kilivyo, vyote vilipwe ndani ya siku kumi na nne. Ilikuwa pungufu ya hesabu ya Mama Ursula kwa laki tano na ushee. Ilikuwa zaidi ya pengo la Mpitimbi kwa laki moja.

"Ila Kampuni inaomba iandikwe," Bwana Twaha aliongeza, "kwamba inalipa kwa nia njema, bila kukiri kuwepo kwa saa za ziada."

Leticia alimtazama Mama Ursula juu ya miwani. "Unakubali, mama?"

"Waandike hata kwa nia mbaya, mheshimiwa. Mimi naomba iandikwe tarehe."

Iliandikwa. Siku kumi na nne kutoka hapo ni tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu Wote. Bwana Twaha aliigonga hati hiyo bila kuombwa, na waliokuwepo wanasema aliigonga kwa raha.

Kusubiri kukaanza. Habari za mfuko wa unga zilimtangulia kufika kazini, na wiki hiyo hiyo wapakuzi na waendesha mashine ya kukaushia walianza kufika Matogoro kuazima nakala, kwa hoja kwamba lori haliwezi kupimwa saa moja jioni bila mtu wa kulipakua. Mwenye duka la kutolea kopi karibu na stendi, dada anaitwa Tabu, aliongeza rimu mbili. Otto naye alikuja. Alikaa, akafunua mpaka Julai, akaitazama wiki aliyolazwa.

"Naweza kukifuta kipengele cha saba?"

"Nenda Tume ukaulize. Fomu bure."

"Na pikipiki nimeshanunua."

"Nenda na pikipiki."

Wiki ya kwanza ikapita, hela haikuingia. Jumatano ya wiki ya pili Mzee Anselmo alipiga simu kuuliza hali ya hewa ya Matogoro, jambo ambalo hajawahi kulijali. Ijumaa Mama Ursula alikwenda benki, akaambiwa salio ni elfu arobaini na moja. Jumamosi hakwenda, ili asiambiwe tena. Alilala akihesabu, kwamba tarehe mbili ni Jumatatu, kwamba hela ikiingia Jumatatu jioni benki imefungwa, kwamba makaburini Mpitimbi watu hutoka mapema.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote. Alikwenda misa, akaimba bila kusikia anachoimba. Alasiri alikaa barazani akimenya maharage mabichi, simu ikiwa ndani ya kapu pamoja na maganda, maana alikuwa amechoka kuitazama. Saa kumi na moja na dakika arobaini kapu lilitetemeka.

Alifuta mkono kwenye kanga. Alisoma ujumbe wa benki. Akaiweka simu chini, akamenya ganda moja, akaichukua tena. Sifuri zilikuwa pale pale. Milioni nane na laki sita. Kabla hajamaliza kuzihesabu mara ya tatu, Fulgence, mhasibu wa Kampuni, akapiga.

"Mama Ursula, imesoma?"

"Imesoma, Fulgence. Imesoma yote?"

"Yote. Bwana Twaha alisema iingie kabla ya tarehe ya hati kwisha. Amenipigia mara nne tangu asubuhi."

"Twaha huyu huyu?"

"Anasema kagonga, isipolipwa ataonekanaje."

Mama Ursula alicheka, na kicheko kilipoisha aligundua kwamba mabega yake, ambayo tangu Septemba alikuwa ameyabeba karibu na masikio, yameshuka. Upepo kutoka kwenye msitu wa Matogoro ulikuwa unanukia mvua. Ulikuwa unanukia hivyo wiki nzima, bila shaka, ila hakuwa na nafasi ya kunusa.

Akampigia Mzee Anselmo.

"Mzee, usiuze."

"Nani huyo?"

"Brigita. Imeingia."

Ikaja sauti ya mtu anayekaa chini taratibu, akishika kitu. "Basi mwanangu njoo kesho na ndoo."

"Ya nini?"

"Ya unga. Mtu hauziwi mashine hajaisikia ikisaga."

Jumatatu alitoa hela benki mara tu ilipofunguliwa, akapanda gari la Mpitimbi, akamkuta Mzee Anselmo akitoka makaburini na kofia mkononi. Waliandikishana kwa mtendaji wa kijiji. Mashine iliwashwa, ikakohoa, ikatulia, ikasaga debe la kwanza. Kitu cha kwanza Mama Ursula alichokifanya kama mmiliki ni kuijaribu mizani ya kibandani kwa jiwe la kupimia alilokuja nalo, akaikuta inampunja mteja robo kilo. Mzee Anselmo alisema ni unga umeingia kwenye springi. Akairekebisha mbele yake, na mzee akapata kitu cha kuangalia upande wa barabarani.

Kwa ajili ya kumbukumbu iliyo sahihi na kamili, ni vyema ielezwe kwamba ile simu ya Jumapili Fulgence aliipiga kutoka mezani kwake ofisini. Alikuwa amefika saa mbili na nusu asubuhi, na alikuwa bado ana majalada kumi na moja.